Kipimo cha Mzigo

Bwana daktari aliponiuliza kama watu wa milimani wangeweza kupewa dawa ya safura bila kupandishwa kwenye mizani, nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimemtumikia muda wa kutosha kuijua dawa ile, na kulikuwa na mtu mmoja kule juu ambaye wepesi wake niliujua kwa mgongo wangu mwenyewe. Kama ningesema hapana, daktari angenuna, wenye mashamba wangelalamika, na kazi ingeendelea polepole kama ilivyokuwa ikienda. Hakuna ambaye angefungwa wala kuchapwa kwa ajili ya neno hilo. Lakini nilikuwa kijana, nimeulizwa shauri na Mzungu mbele ya watu, nikasema, "Njia ipo, bwana." Nikamweleza. Aliipenda, na furaha niliyoipata siku ile sijaisahau mpaka leo, ingawa nimejaribu.

Nayaandika haya kwa sababu ya maziko. Mwezi uliopita shemeji yangu Kibwana alifariki kijijini kwetu, juu ya Matombo, nami nikapanda lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu kutoka Morogoro mjini. Barabara ile haijawahi kuwahurumia wazee. Nilipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na wapwa zake, watoto wa dada zake, wanaume wazima wenye matope hadi magotini. Wao ndio waliomwosha, wao ndio walioshuka kaburini kumpokea, na mkubwa wao ndiye atakayelitwaa jina lake arobaini itakapofika. Nilikaa kwenye mkeka na wazee wenzangu. Mtani wa ukoo wetu, mwanamke mnene aliyekuwa amejipaka majivu na kuvaa kanzu ya marehemu, alikuwa akizunguka akiigiza mwendo wa Kibwana, akikohoa kama yeye na kuomba ugoro kama yeye, na watu wakicheka huku wanafuta machozi. Aliponifikia mimi alisimama. "Na wewe, Mzee Salehe," akasema, "umetulia hapo kama mtu mwenye watu. Siku yako nani atashuka shimoni kukupokea? Watoto wa watu?" Wote walicheka, maana mtani hakasirikiwi. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaangalia mikono yangu muda mrefu, na njiani kurudi sikusikia hata neno moja la dereva.

Msomaji asiye Mluguru huenda asione ukali wa utani ule, basi nitaueleza mara moja. Kwetu mtu ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Wanangu ninao, ni wema, wananilisha na kunivisha, lakini ni wa lukolo wa mama yao. Anayemzika mwanamume, na anayelibeba jina lake lisianguke, ni mtoto wa dada yake. Siku hizi vijana wanasema mambo hayo yamepitwa, na masheikh wetu wana hesabu yao nyingine ya mirathi, nami sibishani nao. Nasema tu jinsi tulivyolelewa. Mimi na dada yangu Mwantumu tulizaliwa wawili tu, na mama yetu hakuwa na dada aliyezaa.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa enzi za Wajerumani. Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, na katika nyika iliyo chini ya milima walikuwa wakifyeka na kupanda mpira kana kwamba dunia nzima ilikuwa inasubiri mpira wa kwetu. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali kule pwani, nasoma, naandika, na Kijerumani changu kilitosha kuitika na kuuliza. Wenye mashamba walikuwa wamemwajiri daktari kwa shida moja: vibarua wao kutoka milimani walikuwa wakilegea. Mtu alikuja na kifua kipana, na kabla ya mavuno mawili uso ulikuwa umevimba na ulimi umekuwa mweupe, hawezi kupanda hata tuta bila kukaa chini. Safura. Wazee wetu walijua jina lake, ila hawakujua kwamba ndani yake kulikuwa na minyoo midogo kama uzi iliyouma utumbo na kunyonya damu. Daktari alinionyesha ikiwa kwenye sahani nyeupe, na siku ile sikula chakula cha mchana.

Banda letu la kazi lilikuwa la bati, refu, lenye vitanda vya fito pande mbili, na katikati, kwenye boriti, ilining'inia mizani: ndoano nene ya chuma, na chini yake kiti cha ubao kilichofungwa kwa kamba kama bembea. Kila mgonjwa alikaa pale, miguu ikining'inia, huku daktari akisoma mshale kwa jicho moja. Kwa ajili hiyo watu walimwita Bwana Mizani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka ya midomo lakini mikono yake ilikuwa na subira, na kabla ya kumpa mtu dawa alimvuta ukope wa chini kwa kidole gumba na kuutazama wekundu wake, hata kama foleni ilikuwa imefika nje. Dawa ilikuwa timoli, chenga nyeupe zenye harufu ya kuchoma pua. Mhindi mmoja mwenye duka pale mjini, nilipokwenda kununua karatasi laini za kufungia, alininusa na kuniuliza kama nimekula ajwani, mbegu ambazo mama yake humpa tumbo likimsokota. Nilicheka, nikamwambia hii ni ya Wazungu. Akasema harufu haina kabila.

Jioni wagonjwa walipewa haluli ya kuharisha, wakafunga kula, na asubuhi wakapewa timoli, kila mtu kwa uzito wake, kisha haluli tena. Siku nzima walizuiwa ndani ya banda lile, bila pombe na bila kitu chochote chenye mafuta, kwa sababu mafuta na pombe huipeleka timoli kwenye damu badala ya kuiacha tumboni na minyoo. Njaa iliwafanya wawe na maneno. Kulikuwa na Mnyamwezi mmoja, mpagazi wa zamani, aliyelalamika kila alipoona kijiko. Alisema minyoo yake ametoka nayo Tabora, imezoea safari, sasa ikitolewa yote atazungumza na nani njiani. Wenzake walimjibu kwamba utabaki mmoja wa kumpikia. Daktari aliniuliza wanacheka nini, nami nikamtafsiria nusu. Alitabasamu, kisha akaniambia maneno ambayo nilikuwa nikiyasikia karibu kila siku: "Salehe, dawa hii haimjui jumbe wala kibarua. Inajua uzito tu. Kidogo, haiponyi. Nyingi, inaua."

Ilipofika Idi nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilimkuta Mwantumu sokoni Morogoro, amekwisha kuuza ndizi zake na kujitwika mzigo wa kurudi, chumvi, jembe jipya na mtama wa kutosha watu watatu, nikapanda naye mlima. Alikuwa mkubwa wangu, mrefu, mwenye shingo ndefu, na njia nzima ya Matombo ilimjua kwa mizigo yake. Tangu nilipokwenda shule alikuwa akishuka na mikungu ya ndizi iliyofungwa pamoja kiasi ambacho wanaume walisimama kumtazama. Nilizoea kuwasimulia wenzangu wa shuleni kwamba dada yangu anabeba mzigo mzima wa mpagazi, nikijivuna kana kwamba shingo ni yangu. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na kijito cha chini ya kijiji kilikuwa kimejaa. Nikauchukua mzigo wake niuvushe kwanza. Ulinielemea hadi meno yakagongana. Nilipogeuka, Mwantumu alikuwa amekaa juu ya jiwe, macho ameyafumba, midomo yake haina rangi. Alisema ni kizunguzungu tu, kitapita. Nikarudi nikambeba mgongoni. Katikati ya maji nilisimama, si kwa kuchoka, bali kwa mshangao. Alikuwa mwepesi kuliko ule mzigo. Nilihisi mbavu zake mgongoni mwangu kama fito za kitanda.

"Lumbu," aliniambia nilipomtua, kwa jina ambalo kwetu ndugu wa kike na wa kiume huitana, "usimwambie mama kwamba ulinibeba."

Sikumwambia. Tulikula ndizi za kupika na kunde katika jiko la mama, chumba kidogo cheusi kwa moshi, chenye mafiga katikati na kuni zilizopangwa hadi darini. Karibu na mlango, ukutani, kulikuwa na shimo la ukubwa wa bakuli. Nikadhani ni panya. Baadaye nikamwona Mwantumu akipita, anabandua kipande cha udongo bila hata kutazama, kama mtu anayechukua njugu kwenye ungo, anakitia mdomoni. Wenye safura hutamani udongo, nilikuwa nimewaona kwa daktari. Usiku ule, kabla ya kulala, niliwasikia mama na shangazi wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Shangazi alisema mimba zile zote zilizoharibika si bure. Mama akasema hataki kusikia habari za wachawi, mtoto hana damu, angeshikaje mimba. Kisha mama akasema, taratibu, kwamba nyumba yetu imebakia mlango mmoja, na mlango wenyewe ni Mwantumu. "Lakini Salehe anafanya kazi penye dawa," akasema. "Salehe atamponya dada yake." Nilijifunika shuka, nikajiapia kwamba nitamponya.

Baada ya masika daktari aliamua kwamba kuwatibu vibarua peke yao ni kuchota maji kwa kikapu, kwa kuwa walirudi kwao na kuambukizwa upya. Tungepanda milimani kutibu vijiji vizima. Tulipanda na mizani. Wapagazi wawili waliibeba, ndoano kwa mmoja na kiti kwa mwingine, na kila kijiji ilibidi kutafuta mti wenye tawi imara, kufunga, kusawazisha, kumkalisha mtu mmojammoja. Wazee waliona aibu kuning'inia kama nyama buchani. Watoto walitaka kurudia bembea. Kijiji kimoja kilitumalizia siku ambazo tulikuwa tumezitenga kwa vitatu, na mvua za vuli hazikuwa mbali.

Ndipo mmoja wa wenye mashamba alipopanda juu na nyumbu wake kuja kulalamika. Walikula pamoja mchana ndani ya hema, kuku wa kuchemsha na viazi, nami nilisimama mlangoni nikisubiri kuitwa. Yule bwana alisema hakumwajiri daktari apime Waluguru kama dhahabu. Alitaka watu waliopona kabla ya msimu wa kupanda. Daktari alijitetea kwanza, halafu akaanza kumkata kuku wake vipande vidogo mno. Alipoondoka mgeni, daktari aliniita na kuniamuru nikate mwanzi, niutie alama tatu. Mtu atasimama pembeni ya mwanzi, urefu wake utasema kijiko chake. Ilikuwa akili nzuri, na kwingine labda ingefaa. Lakini nilijua, mtoto wa milima ile, kwamba kwetu mwanzi hupimiwa maiti ili kaburi lichimbwe kwa urefu wake. Nilijua, nikaukata, kwa sababu niliamriwa. Watu walipouona umesimamishwa uwanjani, uwanja ulibaki mtupu. Bibi mmoja peke yake alinisogelea, akaniuliza ni wa tumbo la nani, nikamwambia, akasema, "Basi mama yako hakukufundisha. Unatupima tungali hai?"

Jioni hiyo ndiyo daktari aliponiuliza swali. Mizani inachelewesha, mwanzi unafukuza, je, hakuna kitu ambacho watu wa huku wenyewe hujipimia bila hofu? Jumbe alikuwepo, askari wawili walikuwepo, na wapagazi walikuwa wakiota moto karibu. Nikasema kipo. Kila mtu wa milimani anaujua mzigo wake. Anayebeba mzigo mzima, apewe kijiko kizima. Anayebeba nusu mzigo, nusu. Mtoto wa kubeba kibuyu cha maji, robo. Hakuna wa kuning'inizwa, hakuna wa kusimamishwa kwenye mwanzi, ni kuulizwa tu, na majirani watamsahihisha mwenye kudanganya. Wapagazi waliitikia kwamba ni kweli. Daktari, ambaye hakupenda kubahatisha, aliwakalisha hao hao wapagazi kwenye mizani mmojammoja ili kulijaribu neno langu, na kweli, hesabu ikakubaliana vizuri mno. Akabaki kidogo ameshika kidevu.

"Na wanawake?" aliniuliza.

"Wanawake wa huku, bwana, hubeba kama wanaume."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na kila neno lilikuwa la kweli. Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka hamsini. Nilipolitamka nilimwona Mwantumu, sitaki kudanganya kwamba sikumwona. Lakini nilimwona yule wa njiani, mwenye mikungu kichwani na wanaume wakisimama kumtazama. Yule niliyemvusha kijito nilimsukuma pembeni, kwa sababu angeniharibia hoja yangu. Daktari alinipiga bega, akawaambia askari kwamba kijana huyu ana kichwa. Kesho yake mizani iliteremshwa bondeni.

Njia yangu ilifanya kazi, na ni haki niseme hivyo pia. Vijiji vilivyokuwa vikichukua wiki vilikwisha kwa siku moja au mbili. Karatasi laini zilipotuishia, timoli ilifungwa ndani ya donge dogo la ugali wa mtama na kumezwa kwa maji. Watu walicheka na kutaniana kwenye foleni. Kijana aliyejitia kubeba mzigo mzima alizomewa na shangazi zake, wakisema mzigo alioubeba mwaka huu ni tumbo lake tu. Baada ya majuma machache tulipopita tena, niliona ndimi zilizoanza kuwa nyekundu, na mzee mmoja aliyekuwa hapandi tena shambani kwake alitushukuru kwa jogoo. Kuna watu wanaoishi leo kwa sababu baba zao walitibiwa mwaka ule. Nalisema hili, lakini halinipi usingizi.

Tulipofika kijijini kwetu, daktari alibaki kitongoji cha chini na askari mmoja, akaniachia mimi vijiko kitongoji cha juu. Nilikuwa nimevaa kaptula nyeupe na kofia aliyonipa yeye. Mama alikaa mbele kabisa ili anione. Watu walipita, nikawauliza mizigo yao, wakajibu, nikapakua. Mwantumu alifika amevaa kaniki mpya, amefunga tangu jana kama nilivyoagiza, mumewe Kibwana akiwa nyuma yake. Jua lilikuwa limempiga usoni nami nikaona wazi mifupa ya shingo yake, na weupe wa ulimi alipotabasamu. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ulichukua kijiko cha nusu.

Wanawake waliokuwa nyuma walianza. Mmoja alisema kumbe ukiwa na ndugu karani unapunguziwa uchungu. Mwingine akasema siyo kupunguziwa, labda zile ndizi alikuwa anazibebesha punda. Mama alisema kutoka alipokaa, kwa sauti ya kusihi, "Mpe kamili, mwanangu. Apone kabisa." Mwantumu hakuwageukia. Aliniangalia mimi, akakitazama kijiko, na tabasamu lake likapungua.

"Nusu, lumbu?" akasema. "Mzigo wangu huujui? Ndio uliokusomesha."

Ningeweza kukumbuka kijito. Ningeweza kumvuta ukope, kama daktari alivyonifundisha, na kutazama. Ningeweza kusema leo wewe subiri, nitakuchukua bondeni upimwe. Lakini kanuni ilikuwa yangu, nilikuwa nimeitunga mimi na kusifiwa kwayo, na watu wote walikuwa wakisikiliza kama nitaivunja kwa dada yangu. Nilirudisha kijiko cha nusu, nikachukua kizima. Alimeza donge lile kwa maji ya kata, akanipa kata mkononi, akasema ni chungu kama shule.

Mchana alilalamika baridi. Nilimpa haluli, nikamwambia ni kawaida. Baadaye akawa anaongea polepole, akitafuta maneno, na jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Mkojo wake, mama aliniambia kwa kunong'ona, ulikuwa wa rangi ya kijani iliyoiva. Hapo nilijua kwamba timoli imeingia kwenye damu. Nilimtuma mtu mbio akamwite daktari, nami nikakaa pale jikoni, kwa kuwa ndipo alipotaka kulazwa, karibu na moto, kichwa chake kikiwa chini ya lile shimo la ukutani. Nilimshika mkono nikitafuta mapigo, yakawa yanakuja kwa kuachana kama mtu anayepanda mlima na kupumzika. Kibwana alikuwa akipuliza moto bila kuacha, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Mwantumu alikata roho kabla ya alasiri.

Daktari aliingia akiwa amelowa jasho. Alipiga magoti kwenye majivu, akamvuta ukope kwa kidole gumba, akauachia. Kisha akamwinua mkono, akaushika juu kidogo kama mtu anayepima kitu kwa kukisia. Aliniuliza kijiko gani. Nikamwambia kizima. Aliniuliza nani alimpima.

"Mzigo wake, bwana," nilisema.

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alitoka nje, akasimama migombani akiwa amevua kofia. Jioni alinipa amri mpya: tangu sasa wanawake wote wapewe nusu, bila kuulizwa mizigo. Ikawa imekwisha. Kanuni ilisahihishwa kwa sentensi moja, na siku tatu baadaye tulikuwa kijiji kingine, mimi nikiwa na vijiko vile vile. Sikuacha kazi. Niliendelea nayo mpaka vita vya Wazungu vilipotufikia na mashamba ya mpira yakarudi kuwa pori. Mama nilimwambia safura ilikuwa imemzidi. Aliniamini, au alichagua kuniamini, na alikufa bila kuniuliza zaidi.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Mjomba wa mbali wa lukolo wetu alileta mwanzi, akaulaza pembeni ya maiti, akanipa mimi ncha ya upande wa miguu nishike, na kuukata mahali kidole changu kilipokuwa. Mwanzi wa namna ile ndio watu walioukimbia uwanjani. Ulikuwa mrefu, maana Mwantumu alikuwa mrefu. Tulipomshusha kaburini nilisimama ndani kumpokea, na kwa mara ya pili katika maisha yangu nikambeba peke yangu. Wenzangu waliponyoosha mikono kunisaidia, hakukuwa na haja.

Nimefikiri sana kuhusu kipimo kile. Sikukitunga kwa ubaya, na daktari hakukipokea kwa uzembe, alikijaribu. Lakini tulikijaribu kwa wapagazi, wanaume waliochaguliwa kwa miili yao, ambao mzigo wao na mwili wao vilikuwa vimekubaliana tangu siku walipoajiriwa. Mwanamke wa kwetu hakuchaguliwa na mtu. Alibeba kilichokuwepo kubebwa. Mzigo wa Mwantumu haukuwa na habari yoyote juu ya mwili wake. Ulieleza shida za nyumba yetu, na sehemu kubwa ya shida hizo ilikuwa mimi. Kibwana aliliona hilo kabla yangu. Baada ya arobaini nilikwenda kumsalimia. Alinikaribisha, akanipa kigoda, tukala muhogo wa kuchoma. Nilipoinuka kuaga, alisema akiwa anatazama maganda, "Mzigo ule ulikuwa wako, shemeji. Yeye aliubeba tu." Hakurudia tena. Alioa mke mwingine, akazeeka, na kila nilipopanda Matombo alinisalimia vizuri na kuniuliza habari za wanangu. Neno lile moja lilitosha kwa miaka yote hiyo.

Jiko la mama lilibomoka zamani. Nilipokwenda kumzika Kibwana nilipita pale, nikakuta migomba. Yule mtani wa majivu alinisindikiza hadi kwenye lori, utani umekwisha, akanishika mkono ili nipande, akaniambia nisiyaweke moyoni maneno yake. Nikamwambia ameuliza swali la haki. Jibu lake ni hili. Siku nilipomwambia Mzungu kwamba njia ipo, nilimtoa kafara dada yangu, na watoto ambao angewazaa akipona. Hakuna atakayeshuka kunipokea kwa haki ya damu, na jina langu nitazikwa nalo. Vijana wa kituo cha mabasi pale Morogoro huniita mjomba, kama wanavyomwita kila mzee apitaye na mkongojo. Huwaitikia. Lakini aliyezaliwa aniite hivyo hayupo, na kijiko nilikishika mimi.